Ajali ina kinga: Jaketi kwanza, injini baadaye

Kuna methali ambayo nimeisikia wodini mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Husemwa taratibu, aghalabu na mtu aliyeshika tama kando ya kitanda cha mgonjwa: ajali haina kinga. Mfiwa akiitamka, daktari hana la kujibu. Huinamisha kichwa akaendelea na kazi yake.

Leo nataka kuipinga methali hiyo hadharani. Nimepata ujasiri wa kufanya hivyo kwa sababu mwaka jana, mwezi wa Agosti, niliambiwa mimi mwenyewe ili nifarijike. Nilijua moyoni mwangu kwamba haikuwa kweli. Ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe nilikuwa nimeikalia.

Nianze mwanzo. Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa ugonjwa wowote. Ninaishi Lodwar na siku kadhaa za wiki huwa Kakuma, kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi. Huko huwatibu wakimbizi pamoja na wenyeji wao Waturkana. Msomaji wa Nairobi au Mombasa akisikia majina hayo mawili huona jangwa, ngamia na vumbi. Ni nadra kukumbuka kwamba ukitoka Lodwar kuelekea mashariki, mwendo wa kilomita 60 hivi, unafika Kalokol na mbele yako kuna maji hadi upeo wa macho.

Hilo ndilo Ziwa Turkana, ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyomo jangwani. Urefu wake wafika kilomita 250 hivi. Hadi mwaka 1975 liliitwa Ziwa Rudolf, jina alilolipachika Count Teleki alipofika huko mwaka 1888, kana kwamba wavuvi aliowakuta hawakuwa na jina lao.

Raha nayo ni dawa

Rafiki yangu, mwalimu mstaafu, alinunua boti kuukuu iliyokuwa imelala ufukweni miaka mingi. Ni ya mbao, urefu wa mita saba, ina kijumba kidogo mbele, na injini ya petroli katikati imefunikwa kwa sanduku. Tuliichangia fedha za mbao, rangi na vipuri, na baada ya miezi mingi ya kutukanana na fundi ikaelea. Haina mbio. Mtu anayetembea haraka ufukweni anaweza kushindana nayo.

Lakini ilitupa kitu ambacho sikuwahi kukipata katika chupa yoyote ya dawa. Jumamosi mbili kwa mwezi tulikuwa tukipakia watoto, chapati, chai ya chupa na nyuzi za kuvulia, tukaenda polepole kandokando ya ufuo wa Longech. Tulikokota chambo nyuma ya boti tukimngojea mbuta, yule samaki ambaye Watanzania humwita sangara. Watoto walihesabu ndege. Wake zetu walizungumza bila kuangalia saa. Simu zilikosa mtandao, na hakuna aliyelalamika.

Ninawaona wengi kliniki ambao ugonjwa wao mkubwa ni kukosa siku kama hiyo. Mfanyakazi wa shirika la misaada anayeshinda Kakuma akisikiliza masaibu ya watu, halali usiku. Mwalimu ana shinikizo la damu na anameza vidonge huku akigombana na nyumba nzima. Watu kama hao huwaambia wapunguze chumvi, wafanye mazoezi, na watafute siku ya kukaa na jamaa zao bila kukimbizana. Kwa hiyo, msomaji, usidhani leo nimekuja kukukataza maji. Nenda ziwani. Nakuomba tu urudi na watu wote uliokwenda nao.

Jumamosi ile

Siku hiyo tulikuwa kumi: watu wazima wanne, watoto watano, na kijana mmoja mvuvi wa Longech tuliyekuwa tukimlipa atusaidie. Miongoni mwa watoto alikuwamo mpwa wangu wa miaka saba, aliyekuja kutoka Eldoret kwa likizo. Alikuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya bwawa la kuogelea, tena kwa mbali.

Tulikuwa na majaketi sita ya kuokoa maisha. Nayaandika haya kwa aibu. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya katani mafungu mawili na kusukumwa chini ya benchi. Fungu moja lilikuwa limevutwa nje kwa sababu benchi lilikuwa gumu, na mimi daktari nilikuwa nimelikalia.

Kwa nini watoto hawakuyavaa? Joto lilikuwa la Lodwar, nyuzi 35 na ushei. Watoto walilalamika. Maji yalikuwa yametulia kama uji uliopoa. Tulikuwa tukienda polepole, na sote tumelelewa na ile methali nyingine isemayo mwenda pole hajikwai.

Mbuta mkubwa alikamata chambo. Tukainuka sote, tukakimbilia upande wa kulia kumtazama. Boti ikainama. Alipokata uzi akaenda zake, tulicheka, tukarudi kuketi, na boti ikayumba upande wa pili. Hayo yote hayakuchukua nusu dakika. Nilikuwa bado nacheka binti yangu wa miaka mitano aliponivuta shati akaniuliza ndugu yake ameenda wapi.

Hakuna aliyekuwa amesikia kitu. Hakukuwa na ukelele wala kishindo. Mpwa wangu alikuwa amesimama juu ya benchi la nyuma ili aone vizuri, na boti ilipoyumba ilimwaga kama punje ya mahindi kutoka ungoni. Alikuwa mita 15 hivi nyuma yetu. Kilichoonekana ni nywele zake tu.

Mwalimu alizima injini. Kijana wa Longech alinyakua mtungi mtupu wa lita 20 akaruka nao. Alipomleta mtoto kando ya boti alikuwa kimya, midomo ya buluu, hapumui. Nilimlaza sakafuni nikampulizia pumzi. Katika pumzi ya nne alikohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kuliko kilio kile.

Alilala hospitalini usiku mmoja akipewa oksijeni, na leo ni mzima. Usiku huo nesi mmoja mwema alinishika bega akaniambia, "Daktari, pole sana. Ajali haina kinga." Nilimshukuru. Kisha nikatoka nje nikasimama gizani, kwa sababu suruali yangu bado ilikuwa na alama za kamba ya katani.

Mfa maji hapigi kelele

Kosa letu kubwa, baada ya lile la majaketi, lilikuwa kudhani kwamba mtoto akianguka majini tutasikia. Tumeona kwenye sinema mtu anayezama akipunga mikono na kuita. Mambo hayawi hivyo.

Kinywa hakiwezi kufanya kazi mbili. Mtu anayezama hupata nafasi ndogo ya kutoa kichwa nje, na nafasi hiyo mwili huitumia kuvuta hewa. Haubaki muda wa kupiga ukelele. Mikono nayo haimtii. Huikandamiza majini pande zote mbili, kama mtu anayetaka kupanda ngazi isiyokuwapo. Wahenga waliliona jambo hili kabla ya madaktari waliposema kwamba mfa maji hukamata maji. Mtoto mdogo huweza kuzama kabisa kwa chini ya dakika moja. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne hadi sita huanza kuharibika, na uharibifu huo hautibiki.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Hesabu hiyo haiwahusu watu wa pwani na maziwa makuu pekee. Hapa Kakuma, mto Tarach huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na watoto huuchezea kama uwanja wa mpira. Mvua ikinyesha milimani, maji huteremka kwa kasi hata kama hapo mjini halijaanguka tone. Mtoto aliyekulia jangwani hana alipojifunzia kuogelea, na ndiyo maana maji humwonea zaidi.

Ziwa lisilotabirika

Ziwa Turkana si bwawa. Kati ya milima ya Kenya na ya Ethiopia kuna mlango wa upepo mkali wa kusini-mashariki, na ziwa limelala katika mlango huo huo. Maji yaliyokuwa kama kioo wakati wa chai huweza kuinuka mawimbi kabla hujamaliza kikombe. Mwaka 1934 mpelelezi Mwingereza Vivian Fuchs aliongoza msafara wa kuchunguza ziwa hili. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa boti kwenda Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena hadi leo, na walikuwa wasafiri wenye maarifa, si watu wa chapati na chai ya chupa kama sisi.

Tena ziwa la leo si lile la jana. Miaka ya karibuni maji yamepanda na kumeza fuo, miti na majengo kuanzia Kalokol hadi Eliye Springs. Boti sasa hupita juu ya mahali palipokuwa na miti, na kigogo kilichozama huweza kutoboa mbao kuukuu. Usiende bila mtu wa hapo anayejua kilichoko chini. Mwulize pia kuhusu hewa. Mvuvi wa Longech akikwambia leo haendi, usimwongezee pesa ili abadili nia. Nenda ukale samaki hotelini.

Boti kuukuu na hatari zake

Boti ya zamani ina haiba, nakubali. Lakini ina magonjwa ya uzee, na mawili kati yake yanaua.

La kwanza ni moshi. Injini ya petroli hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Ni hewa ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Boti ikienda polepole, upepo ukitoka nyuma, moshi hurudi ndani na kujaa kwenye kijumba. Anayeketi humo huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Wenzake husema ametibuliwa na mawimbi, wanamlaza ndani humo humo apumzike, na hapo ndipo wanapommaliza. Kwa hiyo akilalamika mtu mmoja kwamba kichwa kinamwuma, mtoe kwenye hewa safi kwanza, maswali baadaye. Wakilalamika wawili, zima injini. Watoto wasilale kijumbani injini ikiwa inanguruma.

La pili ni mvuke wa petroli. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Petroli ikivuja, mvuke huteremka hadi kwenye ngama, yaani chini kabisa ya boti yanapokusanyika maji, ukatulia hapo ukisubiri cheche. Kabla ya kuwasha injini, funua sanduku lake, acha hewa ipite dakika chache, kisha unuse. Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe. Sigara na jiko la makaa viachwe nchi kavu. Na mwenye boti akufunulie ngama uione. Maji kidogo ni kawaida. Yakiwa mengi, au akikosa chombo cha kuyafulia, shuka.

Jaketi kwanza, injini baadaye

Sasa nifikie kiini cha haya yote. Kanuni yetu leo ni moja, na nataka uichukue: injini haiwashwi kabla kila mtu hajavaa jaketi lake na kulifunga. Si kabla ya kufika kwenye kina. Si mawimbi yakianza. Boti ikiinama ni kuchelewa. Mtu aliye majini hawezi kufungua kamba ya katani chini ya benchi la boti iliyopinduka.

Chagua jaketi kwa uzito wa atakayelivaa. Uzito huo huandikwa ndani yake. La mtu mzima kwa mtoto ni mtego, kwa kuwa mtoto huchomoka kwa chini akabaki chini ya maji huku jaketi likielea peke yake. Mvalishe, funga vifungo vyote, kisha shika mabega ya jaketi uliinue. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, na ukosi wa kuinua kichwa.

Majaketi mengi huandikwa pia namba. Lenye 50 ni msaada kwa anayejua kuogelea. Asiyejua ahitaji 100 au 150, linaloweza kumgeuza uso ukatazama juu. Kagua kitambaa na vifungo. Jaketi lililopigwa na jua la Turkana miaka mingi huchanika kama gazeti. Lililokaliwa kama mto kila wiki hupoteza uwezo wa kuelea, kwa maana sponji yake imebanwa. Maboya ya kuchezea yanayojazwa pumzi si jaketi, hata yakiwa na picha ya samaki anayecheka.

Najua utakayosema. Utasema jaketi ni joto. Ndiyo, ni joto. Wape watoto maji mara kwa mara, tandaza turubai juu ya boti iwe kivuli, na ufupishe safari. Utasema ni ghali. Jaketi moja la mtoto halikutugharimu zaidi ya petroli ya safari mbili tatu za boti yetu, na boti yetu ni mlafi. Utasema unajua kuogelea. Je, unajua kuogelea ukiwa umegonga kichwa kwenye ukingo wa boti? Utasema hamwendi mbali na ufuo. Mpwa wangu alizama mahali ambapo ufukweni tuliwaona mbuzi na kuwahesabu.

Na utasema ajali haina kinga. Hapo ndipo tunapokosana. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa na watu 272 wakafa karibu na nchi kavu. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia wakaangamia. Baada ya misiba kama hiyo huwa tunalia, tunaunda tume, kisha tunarudi kwenye methali. Methali hutuondolea lawama, lakini hairudishi mtu. Siwezi kuzuia upepo wa Turkana. Ninaweza kufunga vifungo vitatu kifuani mwa mtoto.

Ukishamtoa majini

Kinga ikishindwa, yafuatayo yanaweza kuokoa maisha. Jifunze leo, kwa sababu siku ya kisa hakuna muda wa kusoma gazeti.

Usijitose majini kama hujui kuogelea. Mfikishie ufito au kasia, au umtupie kitu kinachoelea. Mtungi mtupu wa lita 20, kifuniko kikiwa kimekazwa, huweza kumbeba mtu. Ufungie kamba, uweke mahali pa wazi.

Akishatolewa na hapumui, mlaze chali, inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, na umpulizie pumzi tano. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo hewa ndiyo dawa ya kwanza. Asipoonyesha dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara mia moja au zaidi kidogo kwa dakika, kisha pumzi mbili, kisha tena 30. Endelea hadi apumue au msaada ufike. Akitapika, mgeuze ubavu, msafishe kinywa, kisha uendelee.

Usimning'inize kichwa chini. Usimkamue tumbo ili maji yatoke. Mambo haya mawili nimeyaona yakifanywa kwa upendo mwingi, na hupoteza zile dakika nne ambazo ubongo unazo. Na hata akizinduka akaomba chakula, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.

Mengine ya kubeba kichwani

Beba maji ya kunywa kutoka nyumbani, lita tatu kwa kila mtu mzima wa safari ya kutwa. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na floridi kupita kiwango kinachofaa kunywewa, na floridi nyingi huharibu meno ya watoto na hata mifupa. Vaa kofia pana na mikono mirefu, kwa sababu jua hukupiga kutoka juu na tena kutoka majini. Pombe na boti havipatani. Nahodha aliyekunywa mwache abaki ufukweni na chupa yake.

Ndoana ikimchoma mtu na meno yake yakazama nyamani, usiivute kwa nguvu. Ikate uzi, ifunge isicheze, mfikishe kituo cha afya, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Usiruhusu watoto waoge mahali wavuvi wanapoparua samaki. Mamba wa ziwa hili ni wengi, na Kisiwa cha Kati, mbuga ya taifa tangu mwaka 1983, ni moja ya mahali wanapozaliana. Harufu ya matumbo ya samaki kwao ni kengele ya chakula.

Mzee wa Baraka

Nimalizie Kakuma. Nina msaidizi wa afya ya jamii pale kambini, mkimbizi kutoka Baraka kwenye Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Huniita muganga, kama wanavyomwita daktari kwao, na wagonjwa wa Kenya wakisikia huangaliana, maana kwetu mganga ni mtu wa tunguri. Miezi miwili baada ya kisa cha mpwa wangu alikuwa na kibali cha kusafiri kuja Lodwar kwa mafunzo, nami nikamwalika ziwani Jumamosi ile.

Nilidhani mtu aliyezaliwa mtumbwini atacheka akiona vifungo vyetu vingi. Alisimama kwenye maji ya magotini, mkono juu ya ukingo wa boti, akakataa kupanda hadi alipopewa jaketi. Akalivaa, akalifunga, akavuta kila mkanda mara mbili. Kisha akasema, "Muganga, mimi nilizika ndugu wawili wa maji. Wote walijua kuogelea kunishinda."

Tulikwenda polepole kama desturi yetu. Hatukupata mbuta, tulipata ngege wadogo wanne. Watoto walilalamika kwamba majaketi yana joto, tukawapa maji, wakalalamika tena. Jioni tukawahesabu wakishuka, mmoja mmoja, hadi wakatimia. Mwalimu sasa ameandika kwa rangi nyeupe juu ya sanduku la injini maneno manne: Jaketi kwanza, injini baadaye. Fundi alimwambia ameharibu rangi. Mwalimu akamjibu kwamba rangi itapakwa nyingine.

Basi, mpenzi msomaji, likizo hii ukipanda boti, iwe Kalokol, Naivasha, Dunga au Lamu, usimwulize nahodha bei tu. Mwulize majaketi ya watoto yako wapi. Akikuonyesha fungu lililofungwa kwa kamba chini ya benchi, lifungue mwenyewe, uwavalishe wanao, kisha uvae lako. Asipokuwa nayo, mshike mtoto mkono mrudi zenu. Atalia njia nzima, na mtoto anayelia ni mtoto anayepumua.